Risala ya kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni (BMU) kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kasa Duniani, Juni 16

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mtendaji wa Kijiji, wazee wetu wa pwani, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama huku kwetu Kilwa, hasa tukijua hali ya barabara uliyopita. Barabara hiyo leo hatuiombi.

Kikundi chetu kiliundwa kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kikalala kidogo, kikafufuka, na sasa kiko imara. Tumepanda mikoko mingi sana, na ile iliyosalimika inaendelea vizuri. Tunalinda viota vya kasa, tunasafisha ufukwe, na wanafunzi wametunga ngonjera utakayoisikia punde, ambayo kwa maoni ya kamati ni ya kiwango cha kitaifa.

Ndugu Mgeni Rasmi, wageni wetu wengi huulizia mayai. Mayai tunayalinda. Kinachotunyima usingizi ni chakula cha huyo mama anayetaga. Kasa wa kijani akiwa mdogo hula vidudu vya baharini, lakini akikomaa tegemeo lake ni nyasi bahari. Tena huchagua: hurudi kukata palepale ili apate majani machanga yanayochipua. Hatagi kila mwaka. Hukaa miaka miwili, mitatu au zaidi mpaka mwili upate akiba ya safari na ya mayai. Malisho yakiwa hafifu, kungoja huko kunarefuka. Maana yake tunaweza kukesha ufukweni tukilinda mchanga mtupu.

Na malisho yanakwisha tukiyatazama. Kokoro, yaani wavu wa kukokota, likivutwa, kamba ya chini yenye vizito vya risasi inakwangua na kung'oa nyasi pamoja na mizizi. Asubuhi yake utazikuta ufukweni kwa marundo, mizizi bado ina tope. Pale palipobaki wazi mchanga hutibuka, maji yakachafuka, na nyasi zilizosalia nazo zikakosa mwanga. Samaki kama tasi na changu wadogo waliojificha humo wanahama, kwa hiyo hata asiyejali kasa anarudi na mtego wake wa dema ukiwa mtupu. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, naye hula sifongo za miambani, na miamba ilishapigwa baruti. Kasa mmoja aliyekufa na kuletwa na maji alipopasuliwa mbele yetu, tumboni mlikuwa na nailoni na kipande cha wavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ila inaonekana bahari haijapata barua.

Ndugu Mgeni Rasmi, wavuta kokoro huja usiku. Taa zao tunaziona tukiwa tumekaa hapa hapa. Kuwafuata hatuwezi.

Mgeni rasmi mmoja aliyepata kukaa kwenye kiti hicho alituahidi boti na injini. Boti ilikuja, tukapiga ngoma, na tunashukuru. Injini tukaambiwa iko njiani. Aliyemfuata alisema suala hilo amelichukua, alikolipeleka hatujaambiwa. Wa tatu alitupa fulana, ndizo hizi tulizovaa, na kupauka kwake ni kwa sababu ya miaka. Boti yenyewe utaiona ukitoka, chini ya mti wa mkungu. Kuku wa jirani wanataga humo, na kwa upande wa mayai ya kuku doria yetu haijawahi kushindwa.

Tunaomba injini moja ya nguvu ya farasi 40, mafuta ya kuanzia, na maboya ya kuonyesha mipaka ya malisho ili hata wenye nia njema wasitupe nanga humo. Semina hatuombi. Semina tumepata na vyeti tunavyo. Nahodha yupo, fundi yupo, daftari la doria limeshapigwa mistari na halina neno hata moja. Tunaelewa kuwa bajeti ni finyu, tumeelezwa hivyo kila mara. Kama injini mpya haiwezekani, iliyotumika tunaipokea kwa mikono miwili, ili mradi inawaka.

Tutafurahi zaidi ukitujibu kabla ya chakula, kwa kuwa baada ya chakula wageni wetu huwa na haraka. Utakabidhiwa nakala ya risala hii pamoja na zile tatu zilizotangulia, maana ombi ni lilelile. Katika hii ya leo tumeacha nafasi ya kuandika tarehe ya injini kufika.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi