Uwanja wa Taifa upi? Andikeni jina na mwaka

Mhariri,

Desemba ikikaribia, huwa tunasoma kwamba bendera ya Tanganyika ilipandishwa "kwa Mkapa", yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Wakati huo uwanja huo haukuwepo. Sherehe ile ilifanyika katika uwanja wa jirani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru na mashabiki wanauita Shamba la Bibi.

Mkanganyiko unatokana na jina moja kuvaliwa na viwanja viwili vilivyopakana pale Temeke. Wa zamani ndio uliokuwa Uwanja wa Taifa kwa zaidi ya miaka 40. Ule mkubwa, wa watu 60,000, ulianza kujengwa na Wachina Rais Benjamin Mkapa akiwa bado madarakani, ukafunguliwa 2007 chini ya Jakaya Kikwete. Jina la Taifa likahamia huko, wa zamani ukawa Uhuru. Julai 2020, Mkapa alipofariki, Rais John Magufuli alitangaza kwamba uwanja mkubwa uitwe Benjamin Mkapa. Na tangazo hilo alilitoa akiwa Uhuru, kwenye shughuli ya kumuaga marehemu, kwa hiyo hata habari ya siku ile ni rahisi kuikoroga.

Kwa mwandishi anayechimba kumbukumbu, mwaka ndio ufunguo. "Uwanja wa Taifa" wa kabla ya 2007 ni Uhuru ya leo. Wa kuanzia 2007 hadi Julai 2020 ni Mkapa. Simba walipofungwa 2-0 na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, walifungwa Shamba la Bibi. Brazil walipoichapa Taifa Stars 5-1 Juni 2010, ilikuwa kwenye uwanja mkubwa, ingawa tiketi na magazeti vilisema Taifa. Yanga na USM Alger, Mei 2023, hapo hakuna utata: ni kwa Mkapa, kwa jina na kwa mahali.

Si suala la jina tu. Tambo za "kwa Mkapa hatoki mtu", kwamba timu ngeni haiponi pale, zinahitaji takwimu, na takwimu hizo haziwezi kuanza kabla ya 2007. Ukichanganya na mechi za miaka ya 1980 na 1990 unahesabu nyasi za uwanja mwingine.

Mwaka wa ufunguzi nao unabishaniwa bure. Wapo wanaoandika 2007, wapo wanaoandika 2009. Mechi zilianza 2007. Makabidhiano rasmi yalifanyika Februari 2009, Rais Hu Jintao wa China alipokuja nchini. Mwandishi aseme anazungumzia lipi.

"Lupaso", jina la utani la uwanja wa Mkapa, libaki kwa watangazaji wa redio. Ni kijiji alikozaliwa Mkapa, wilayani Masasi, na msomaji asiyefuatilia soka anaweza kudhani mechi imepelekwa Mtwara. Vivyo hivyo, msiandike Uwanja wa "Jamhuri" bila mji: Dodoma ipo, Morogoro ipo. Karume ipo Ilala, ipo na Musoma.

Katika maelezo ya picha inatosha kuandika "Uwanja wa Taifa (sasa Uhuru), 1993". Picha ikiwa haina tarehe, tazameni majukwaa: yakiwa ya ngazi mbili, moja juu ya jingine, hiyo ni Mkapa.

Wapenzi wa soka,
Temeke, Dar es Salaam