Madhara ya dawa za akili yasemwe mapema

Mhariri,

Wanaosema dawa za akili humchosha mtu hawajakosea, na hapo ndipo penye tabu. Natumia lithiamu kwa sababu hisia zangu hupanda na kushuka kupita kiasi. Vidole hutetemeka hadi kikombe nakishika kwa mikono miwili, na kiu haikatiki. Lakini anayenishauri niache ghafla hajui anachoniombea: ugonjwa hurudi, mara nyingi kwa kishindo.

Kinachoniudhi zaidi ni ukimya wa baadhi ya matabibu. Mtu anapewa dawa ya sonona bila kuambiwa kwamba kichefuchefu huweza kuanza siku za mwanzo, ilhali nafuu huchukua wiki kadhaa. Akiiacha, nani wa kumlaumu? Wa lithiamu naye aambiwe apimwe damu mara kwa mara, asipunguze chumvi ghafla, wala asimeze dawa ya maumivu kama ibuprofeni bila kuuliza, maana kiwango kikizidi mwilini dawa hugeuka sumu.

Madhara mengi hurekebishika: kipimo cha dawa hupunguzwa, saa ya kumeza hubadilishwa, dawa nyingine hujaribiwa. Daftari la madhara na hisia za kila siku humsaidia daktari kuamua, mradi alisome.

Msomaji wenu,
bado niko kwenye dawa