Wenye tovuti waache GIF kwa picha zinazosogea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye tovuti hapa Mombasa, hasa za hoteli, shule na maduka, ambao hadi leo huweka matangazo yanayochezacheza kwa GIF, muundo wa faili za picha zinazosogea. Muundo huo ulitolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, na kwa zama zile ulikuwa msaada mkubwa. Lakini kila fremu yake, yaani kila picha moja katika mfululizo, haizidi rangi 256, ndiyo maana picha ya jua likichomoza ufuoni Nyali huonekana ina mabakamabaka.

Linaloniuma zaidi ni uzito. GIF haina njia ya kufuatilia mwendo: jahazi likikatiza bahari, faili huhifadhi upya kila sehemu iliyobadilika katika kila fremu, ilhali video ya MP4 huhifadhi fremu moja kamili, kisha katika zinazofuata huandika zaidi kile kilichohama na mahali kilipohamia. Ndiyo sababu klipu ile ile ya sekunde chache mara nyingi huwa nzito mara kadhaa ikiwekwa kwa GIF, na mzigo huo humwangukia msomaji, kwa mfano mwanafunzi wa Likoni aliyenunua bando la siku ili afanye kazi ya shule. Inasikitisha kwamba nyaya za intaneti za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika mji huu huu mwaka 2009, na bado wakazi wengi wanahesabu megabaiti.

Njia mbadala zipo. Klipu iliyopigwa kwa kamera iwekwe kama video isiyo na sauti inayojirudia yenyewe, tena iwe na kitufe cha kuisimamisha, kwa maana wako wasomaji wanaosumbuliwa na kitu kinachosogea bila kukoma. Michoro na nembo zinazohitaji kingo laini ziwekwe kwa WebP au APNG, miundo mipya zaidi ya picha. Hofu kwamba miundo hiyo haitafunguka imepitwa na wakati: Safari, kivinjari cha Apple, iliikubali WebP mwaka 2020, baada ya vivinjari vingine vikubwa, na APNG imo rasmi katika kiwango cha picha za PNG cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu mwaka 2025.

Nawasihi wenye biashara na wakuu wa shule, kabla ya kumlipa fundi wa tovuti, wamtake awaonyeshe uzito wa ukurasa wa kwanza, na GIF zilizomo azibadilishe kwanza.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa