Barua kwa Somo: usivimeze vile vidonge

Kwako Somo,

Hujambo? Mzee je, na watoto? Huku kwema, na salamu zenye adabu zake zitakuja nikizikumbuka, kwa sababu ujumbe wako wa sauti umenifanya nikamate kalamu hata kabla sijakaa vizuri. Nimeusikiliza mara tatu. Umeutuma saa tisa na dakika arobaini usiku, nusu yake ni miayo, nusu ni kumsema Mwanaheri. Lakini neno lililonishtua ni lile ulilolipitisha kimzaha: kwamba shemeji kakugawia vidonge vyake vya usingizi na utaanza Jumatatu.

Usianze, Somo. Ningeweza kuishia hapo, ila nakujua, utauliza "sasa nilaleje?" Basi kaa kitako.

Jina la vidonge hukulitaja, umesema tu ni vidogo, vya njano, na kwamba vinamlaza kama gogo. Rangi haisemi kitu. Geuza pakiti usome. Kama ni diazepamu au wa ukoo wake (wengi majina yao huishia na -zepamu au -zolamu), kumbuka kwamba wewe unameza tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya viungo vyako vyenye baridi yabisi. Zote mbili huzubaisha upumuaji, na zikikutana mtu anaweza kuacha kupumua usingizini bila hata kukoroma. Tena diazepamu haiishi asubuhi. Nusu ya dozi yaweza kubaki mwilini siku 1 hadi 2, kwa hiyo ya usiku wa pili inapanda juu ya masalio ya usiku wa kwanza. Ukiamka kwenda chooni na magoti yale, gizani, kichwa kizito, utaanguka, na kwa mtu anayemeza steroidi (ile prednisoloni yako), ambayo hudhoofisha mifupa, kuanguka si mchezo. Kama ni zile dawa za mzio zinazolewesha, mwili huzizoea baada ya siku chache tu, kisha unabaki na kinywa kikavu na mkojo mgumu kutoka.

Na shemeji mwenyewe, kama amekuwa akizimeza kila usiku tangu ule msiba, usimwambie aache ghafla. Hizo hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua. Akizikata siku moja, usingizi utamtoroka kuliko mwanzo, na wengine hupata hata degedege.

Sasa lako. Umesema unaingia kitandani saa mbili na nusu usiku "ili angalau mwili upumzike", unatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ukijumlisha vipande vyote hulali zaidi ya saa tano na nusu. Piga hesabu nami: kitandani muda wa saa 10, usingizini 5.5. Gawanya, zidisha kwa 100, unapata asilimia 55. Anayelala vizuri hufika 85 au zaidi. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, si kwenye kidonge ulichokosa.

Najua utasema tatizo ni baridi yabisi. Ndiyo, ndiyo iliyoanzisha. Lakini kilichoanzisha na kinachoendeleza si kitu kimoja. Arthur Spielman, Mmarekani aliyeandika na wenzake kuhusu njia ya kubana muda wa kitandani mwaka 1987, alilitenganisha jambo hili mafungu matatu: kinachomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi, kinachouondoa mara ya kwanza, na kinachozuia usirudi. Hilo la tatu mara nyingi ni tabia tulizozizua wenyewe ili kutafuta nafuu. Kulala mapema. Kujilaza mchana. Kubaki shukani asubuhi. Kila moja ina akili yake ukiitazama peke yake, na zote pamoja zinaumwaga usingizi uleule kidogo juu ya saa nyingi, unakuwa mwepesi kama uji wa maji. Kitanda nacho kinajifunza: kwa ubongo wako sasa hivi ni mahali pa kukodoa macho.

Tena umechanganya uchovu na usingizi. Uchovu wa ugonjwa ni mwili kukataa kunyanyuka. Usingizi ni kope kushuka, kichwa kuangukia kifuani, sentensi kuisoma mara mbili. Ukiwa na uchovu, pumzika, lakini kwenye kiti. Kitanda kingojee usingizi.

Mtu mzima wa afya angeambiwa abane mara moja: kama analala muda wa saa tano na nusu, apewe hizo tu kitandani. Wewe nisingekupa dawa kali hivyo. Kukosa usingizi kwa ghafla huongeza maumivu, na maumivu unayo tayari. Kuna njia ya polepole. Saa ya kuamka haibadiliki kabisa: kumi na mbili na nusu, Jumapili ikiwemo, hata kama umelala muda wa saa mbili tu. Wiki ya kwanza ingia kitandani saa tatu usiku. Ya pili, tatu na nusu. Ya tatu, saa nne. Unasogeza nusu saa kila wiki, na kila mwisho wa wiki unapiga ile hesabu ya asilimia kwa wastani wa siku saba. Ukifika 85, simama hapo. Kwa makisio yangu utasimama kwenye saa tano au tano na nusu, yaani wiki ya tano au ya sita. Baada ya hapo, kila wiki iliyozidi 85 unajirudishia dakika 15. Ukishuka chini ya 80, unarudisha zile 15. Muda wa kitandani usiupunguze chini ya saa tano na nusu hata ukishikwa na hamasa, nakujua.

Mambo huharibika wiki ya pili na ya tatu, na huharibika kwa njia mbili. Unasinzia kwenye kochi saa moja jioni, dakika 20 tu, ukidhani haihesabiwi. Inahesabiwa: hamu ya usingizi iliyokusanyika mchana kutwa inavuja yote hapo. Ukishindwa kabisa, lala kidogo mchana kabla ya saa tisa alasiri, isizidi dakika 30, na uweke kengele. Njia ya pili ni kuona usiku mmoja mbovu ukatangaza kwamba haifai. Ndiyo maana tunahesabu kwa wiki.

Daftari basi, ukurasa mmoja kwa siku, uandike asubuhi, sio usiku: saa uliyozima taa, makisio ya muda hadi kusinzia, mara ulizoamka na kwa nini (maumivu, mkojo, ndoto, hakuna sababu), saa ya kutoka, dawa na saa zake. Makisio tu. Saa ya ukutani igeuze, na simu ilale chumba kingine. Unaona sasa kwa nini nimejua ni saa tisa na dakika arobaini.

Ukiamka na ukahisi robo saa imepita na usingizi haupo, toka kitandani. Hii najua utaipinga, na una haki, maana kunyanyuka kwa vile viungo vimekakamaa ni kazi. Kwa hiyo andaa mapema: kiti chenye mikono karibu na kitanda, blanketi juu yake, taa hafifu, kandambili zisizoteleza, kitu cha kusoma kisichokusisimua. Siku ambayo magoti yamegoma kabisa, kaa wima hapohapo kitandani, mto mgongoni, taa iwake, usome. La muhimu ni kuacha kujilazimisha kulala. Ukisinzia, jilaze tena. Ukiamka tena, vilevile, hata mara nne.

Sasa dawa zako mwenyewe, maana hapo naona makosa mawili ambayo hakuna aliyekuambia. Prednisoloni unaimeza miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Hiyo ya jioni inaiga homoni ambayo mwili huipandisha alfajiri ili kukuamsha, halafu unashangaa uko macho. Muulize daktari kama zote 10 zaweza kwenda asubuhi, baada ya chakula. Uliza, usijihamishie mwenyewe, na usiruke hata siku moja, kwa kuwa tezi zako zimeshazoea kutegemea kidonge na zinachukua muda kuamka. Ila kama chako ni kile kilichotengenezwa kifunguke baada ya kukaa tumboni muda wa saa nne, hicho kweli humezwa usiku ili kiwahi ukakamavu wa asubuhi. Angalia pakiti.

La pili ni ile dawa ya kukojosha, furosemidi, unayoimeza jioni ili mchana usisumbuke kazini. Inafanya kazi kama muda wa saa sita, Somo! Unaimeza saa kumi na mbili jioni, inakuamsha hadi usiku wa manane. Kama asubuhi haiwezekani, omba uruhusiwe saa nane mchana. Na kwa kuwa miguu yako huvimba, alasiri iinue juu ya usawa wa moyo kwa muda wa saa moja. Maji yaliyojikusanya miguuni mchana hurudi kwenye damu ukijilaza, figo zinayachuja, na hiyo ndiyo safari ya chooni unayoilaumu kwa kikombe cha chai. (Kikombe nacho kina kosa lake. Nusu ya kafeini ya saa kumi jioni huwa bado imo mwilini karibu saa tatu usiku. Mwisho uwe saa sita mchana.)

Maumivu ya alfajiri yana sababu yake: kemikali za uvimbe hupanda usiku wa manane kuelekea asubuhi, halafu parasetamoli uliyomeza saa mbili usiku hudumu muda wa saa 4 hadi 6 tu. Inakwisha saa nane usiku, kabla ya shughuli yenyewe. Isogeze iwe wakati wa kuzima taa, na jumla isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye dawa za mafua. Diklofenaki, ile nyingine ya maumivu, usijiongezee mwenyewe. Ikikutana na dawa za presha na ya kukojosha, figo ndizo zinazolipa. Mto mmoja katikati ya magoti ukilala ubavu. Vile vishikizo vya viganja ulivyopewa kliniki, vivae usiku, havikutengenezwa kukaa kabatini. Kuoga maji ya moto vilevile, ila muda wa saa moja au mbili kabla ya kulala, sio dakika ya mwisho. Joto huivuta damu kwenye ngozi, kisha mwili unapoa, na kupoa huko ndiko kunakoleta usingizi.

Kuna vitu viwili nataka vichunguzwe kabla hujaanza kubana saa, maana vikiwepo, hesabu yangu yote ni kutwanga maji kwenye kinu. Mzee akusikilize ukilala: je, unakoroma, kisha kimya cha sekunde 10 au zaidi, kisha unashtuka kama aliyekabwa? Uzito ulioongezeka kwa steroidi, na presha isiyoshuka, vinanitia shaka. Hiyo ni njia ya hewa kuziba na ina tiba yake. Kingine ni ile "miguu kutambaa" uliyoitaja kwa kucheka. Kama inaanza jioni, inazidi ukitulia na inapoa ukitembea, omba kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Ikiwa chini ya 75, kwa kawaida madini ya chuma hufikiriwa. Lakini kwa mwenye baridi yabisi feritini hupandishwa na uvimbe, ikaonekana nzuri kumbe chuma hakipo, kwa hiyo omba pia kipimo cha asilimia ya chuma kwenye transferini, ile protini inayokibeba chuma kwenye damu. Chini ya 20 ni haba. Na zile dawa za mzio, kama ndizo za shemeji, zinaizidisha miguu hiyo. Unaona tunavyorudi palepale.

Nilitaka kukuandikia pia kuhusu mawazo ya usiku, kuyaandika kwenye karatasi mchana kwa dakika 15 ili yasikufuate shukani, lakini la Mwanaheri si la kuisha kwa karatasi moja. Tutaongea.

Nijibu haya, mchana tafadhali: vidonge vinaitwaje? Tarehe ya kliniki ni lini, na ni yule daktari anayesikiliza au yule mwingine? Ukisinzia mchana, ni kwenye usukani au kwenye kiti? Maana kama ni usukani, hatuanzi kabla ya kipimo cha kupumua. Mzee atakubali kukesha usiku mmoja akusikilize, au naye ni gogo? Umeshawahi kupata kipindi cha kutolala siku kadhaa ukiwa mchangamfu kupita kiasi, unanunua vitu? Hilo nalo lingenizuia nisikubane. Na kile kiti chenye mikono bado kipo, au mlimpa Babu Kheri?

Wasalimie wote. Vidonge mrudishie leo.

Somo wako