Hela sijala, mama: kosa ndilo halina dhamana

Wiki iliyopita mama mmoja alisimama hapa mlangoni, wateja wengine wamekaa kwenye benchi: "Wakili umekula hela yangu, mwanangu bado yuko mahabusu!" Nimeshazoea. Hati ya mashtaka ikisomeka unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa sheria za Tanzania dhamana hakuna, hata uje na hati ya kiwanja. Nilimwambia hivyo kabla hajatoa shilingi.

Kijana wake aligombana baa na mtu kwa sababu ya deni. Chupa ikavunjika, mtu akachanika juu ya jicho, simu ikapotea kwenye vurugu. Kituoni mlalamikaji akaongezea: "Na simu kachukua." Basi, ugomvi ukatoka kwenye shambulio la kudhuru mwili, ambalo kifungo chake hakizidi miaka 5. Chupa ikaitwa silaha, kijana akaangukia kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, unyang'anyi wa kutumia silaha: miaka 30, na hiyo ndiyo ya chini.

Kazi yetu inaanzia hapo. Unyang'anyi unataka wizi uthibitishwe, na nguvu iwe imetumika ili kuipata mali au kuing'ang'ania. Umempiga mtu kwa hasira ya deni, simu akaiokota mwingine, wizi wako uko wapi? PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inaonyesha jeraha, haimwonyeshi aliyechukua simu. Shahidi wao anadai aliona simu ikitiwa mfukoni, yeye akiwa mlango wa nyuma. Nikaenda pale saa nne usiku. Taa ni moja, juu ya kaunta. Kule nyuma giza tupu. Tangu shauri la Waziri Amani, 1980, kuhusu shahidi kumtambua mshtakiwa, Mahakama ya Rufani inataka ijulikane mwanga ulikuwaje, umbali gani, ulimtazama muda gani. Safari hiyo imo kwenye ada, na mnaosema nawachaji kukaa ofisini mjue.

Kuna familia nyingine, mwaka juzi, waliona bei yangu kubwa wakaenda kumpoza mlalamikaji "afute kesi". Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mlalamikaji ni shahidi tu! Shambulio la kawaida hakimu anaweza kuwapatanisha, unyang'anyi, hapana. Jamaa akapokea laki sita, akazima simu, kisha akapanda kizimbani kueleza walivyotaka kumnunua. Ndipo wakanirudia, na faili limeshaharibika.

Mama yule nilimpa maji, akakaa. Kesi inatajwa tena Alhamisi.