Mwanangu, kabla hujapanda basi la Mwanza

Tanga, Jumamosi usiku

Mwanangu mpenzi,

Mama yako ameshalala. Jumatatu unakabidhiwa ghala na mishahara ya watu 18. Nilipopata habari machozi yalinitoka hapohapo dukani, mbele ya wateja. Lakini juzi uliacha simu mezani, ikawaka, nikasoma: mkeka wa kubeti umechanika. Tangu hapo sili nikashiba.

Mahabharata, ile hadithi kuu ya kale ya Kihindi, bibi yako alikusimulia, sirudii. Mtazame tu mfalme Yudhishthira mbele ya dadu. Mtu mkweli kuliko wenzake wote, na kuinuka akashindwa. Akaweka ufalme, akaweka ndugu zake wanne mmoja mmoja, akajiweka mwenyewe, mwisho Draupadi, mkewe. Draupadi akauliza: alijipoteza yeye kwanza, au mimi? Maana aliyekwisha kujipoteza anamweka nani rehani? Ukumbi ule wa wazee, hata Bhishma, mzee wao mkubwa, hakuwa na jibu la kunyooka. Lala na swali hilo. Mishahara ile ina wenyewe, mwanangu.

Wakaenda msituni miaka 12, na wa 13 wakaishi kwa kujificha, pamoja na wale ambao dadu hawakuigusa. Bangili za mama yako, zile unazoziona kwenye picha ya harusi tu, ziliondoka usiku mmoja wa sikukuu ya Janmashtami, nilipozicheza kwenye karata. Mpaka leo hajaniuliza. Ufute mkeka huo.

Usidhani nimekukatia tamaa. Yudhishthira huyohuyo, msituni, aliwakuta nduguze wanne wamekufa kando ya ziwa, akaambiwa na Yaksha, pepo mlinzi wa ziwa lile, achague mmoja afufuke. Akawaacha Bhima na Arjuna, mashujaa wake wa vita, akamtaja Nakula, mwana wa Madri, mke mwenza wa mama yake Kunti, ili kila mama abakiwe na mtoto. Mwaka jana mpakiaji wetu alipougua ulimlipa siku zake zote, nami nikakugombeza mbele ya watu. Ulikuwa umefanya sawa.

Pampu imeharibika tena, fundi kaahidi Jumanne. Achari ya maembe iko kwenye kidumu kidogo. Kifunge na mfuko, mafuta yanavuja. Dada yako anataka umwachie feni. Na ile programu ya kubeti, ifute kabla hujapanda basi. Nipigie useme "imetoka" tu, sitauliza zaidi. Ufunguo wa stoo mwachie mama.

Baba yako