Msilaumu radi peke yake, tazameni na ethi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyedai kwamba kifaa chochote chenye waya wa simu huku Kagera ni chakula cha radi, na kwamba dawa yake ni kuchomoa waya mawingu yakitanda. Kwa mtu aliyeko nyumbani, sawa, achomoe. Lakini king'ora kinacholinda stoo ya dawa ya zahanati, ambacho kazi yake ni kupiga simu usiku mlango ukivunjwa, nani akichomoe?

Mimi ni fundi wa simu za waya hapa Bukoba. Juzi nililetewa king'ora cha namna hiyo kikiwa kimekufa. Nilipokifungua, varista (kijidude kinachomeza volti zikizidi) iliyofungwa kati ya nyaya mbili za simu ilikuwa nzima, haina hata doa. Kilichopasuka ni optokapla, kijidude kinachopitisha ishara kwa mwanga ili upande wa simu na wa umeme visigusane. Mgongo wake umeruka, na masizi yamechora mstari kwenye bodi kutoka tundu la simu hadi upande wa umeme. Yaani pigo halikupita kati ya waya na waya. Lilikuja na nyaya zote mbili kwa pamoja likitafuta ardhi, na varista ile haikuwa na njia ya kulipeleka huko.

Nikaenda kwenye jengo lenyewe. Kikinga radi cha simu kina nondo yake ya ethi uani, yaani chuma kilichozikwa kupeleka pigo ardhini, umeme una yake mbele, na hazijuani. Radi ikipiga jirani, ethi ya uani na ya mbele zinaweza kupishana kwa maelfu ya volti, na kifaa kilichoshika zote mbili ndicho kinacholipa. Nondo hizo ziunganishwe, na vikinga vyote viishie kwenye kipande kimoja cha shaba, kwa waya mfupi. Nasisitiza mfupi: mkondo unaopanda kwa ampia 1,000 ndani ya maikrosekunde moja huacha takriban volti 1,000 kwenye kila mita ya waya, hata uwe mnene namna gani.

Sasa niseme na vijana wanaounda vifaa hivi wenyewe, maana wapo, na wengine ni hodari kweli. Laini ya simu iliyotulia ina volti 48 hivi. Simu ikiita, juu yake huja volti kama 90 za AC (umeme unaopanda na kushuka), na ukihesabu kilele chake pamoja na zile 48 unafika kama 175. Mmoja aliweka kichupa cha gesi, kile kinachowaka na kupeleka pigo kwenye ethi volti zikizidi kipimo chake, cha volti 90. Kila simu ikiita inakatika, naye akawa anailaumu kampuni ya simu! Weka cha 230, tena cha miguu mitatu: miwili ya nyaya, mmoja wa ethi. Ukiweka viwili vya miguu miwili, kimoja kitawahi kuwaka, na kwa kitambo hicho pigo lote linahamia kati ya waya na waya, mahali ambapo sakiti yako ni dhaifu zaidi. Baada ya kichupa, weka fyuzi au rezista ya PTC, ambayo hubana mkondo ikipata joto, kwa sababu waya wa umeme ukiangukia ule wa simu hauondoki kwa maikrosekunde kama radi. Unabaki pale, na varista isiyo na fyuzi huwaka moto. Halafu ndipo transfoma na optokapla, na bodi itobolewe mfereji chini ya optokapla, kutenga upande wa simu na wa umeme. Asiachwe mtu akavusha hata waya mmoja juu ya mfereji huo eti kwa urahisi wa kuunganisha ethi.

Zabuni za ving'ora ninazoziona hutaja rangi ya kasha na muda wa betri. Wanunuzi waongeze kwamba kifaa kiwe kimepimwa kwa kiwango cha ITU-T K.21, ambacho ni cha vifaa vya simu vya majengo ya wateja, na mkandarasi asilipwe kabla hajaonyesha ethi ya simu na ya umeme zimeungana.

Fundi simu,
Bukoba